Elektroni Haziliwi

"Sasa hiyo elektroni yako, kijana, tutaila?"

Aliyeniuliza hivyo ni mzee mmoja wa jopo la basari, hapa hapa Isiolo. Nilikuwa nimevaa shati la kuazima, mkononi nimebeba bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu vyote tangu cha kuzaliwa. Mbele yangu watu watano, meza ndefu, chupa za maji, na feni iliyokuwa ikilalamika juu ya vichwa vyetu. Mzee hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza akitabasamu, wenzake wakacheka, na mimi pia nikacheka, maana mtu anayeomba pesa hucheka wanapocheka wenye pesa. Kicheko changu ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Sitalitaja jopo wala ofisi, kwa sababu swali lenyewe si lao peke yao. Nimelisikia chuoni. Nimelisikia kwenye matatu ya kwenda Nanyuki. Nimelisikia kwa mjomba, tukila. Na samahani, lakini nimelisikia pia kwenu nyinyi, wasomaji wa majarida kama hili, mnaojua kumtetea mshairi ambaye hajauza nakala kumi, ila mkikutana na mtu wa nadharia ya kemia mnamuuliza ataanza kutengeneza sabuni lini.

Basi hili ndilo jibu nililopaswa kutoa siku ile badala ya kucheka.

Nilichoomba pesa nikasomee ni kemia ya kikokotozi, yaani kemia inayofanywa kwa kompyuta badala ya chupa na moto. Kona yangu ndani yake ni molekuli zilizosisimka: zile zilizomeza mwanga na bado hazijaamua zitaufanyia nini. Nitawaeleza kwa lugha ya huku. Molekuli ikipigwa na mwanga wa kiasi kinachoifaa, elektroni yake inapanda ngazi. Molekuli inapandwa na mori. Na kama kijana yeyote aliyepandwa na mori, haiwezi kukaa hivyo siku nzima. Lazima huo mori utokee mahali.

Njia za kutokea ni chache. Inaweza kuurudisha kama mwanga, ndiyo maana keshia akiiweka noti chini ya ile taa yake ya zambarau kuna alama zinazong'aa. Inaweza kuutoa kama joto: ikatetemeka, ikawasukuma majirani, ikatulia. Inaweza kumpa jirani mzigo huo aubebe yeye. Au inaweza kujigeuza umbo, hata kuvunjika, ikawa kitu kingine kabisa. Taaluma yangu yote inauliza hivi: kati ya njia hizo, molekuli hii itafuata ipi, na kwa haraka gani?

Na haraka yenyewe si mchezo. Inapimwa kwa femtosekunde. Femtosekunde moja ikilinganishwa na sekunde ni kama sekunde moja ikilinganishwa na miaka karibu milioni 32. Mtu aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kuonyesha jinsi ya kuzifuatilia molekuli kwa kasi hiyo, kwa leza, alikuwa Mwafrika: Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur, Misri. Kazi aliifanyia California, sawa, lakini udadisi aliondoka nao nyumbani.

Leza za namna hiyo hatuna. Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Mlinganyo unaotawala elektroni aliuandika Schrödinger mwaka 1926, na tangu hapo shida haijawa kuujua bali kuusuluhisha, kwa sababu elektroni zinasukumana na ukiongeza moja hesabu inafura. Walter Kohn alipata Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha njia ya mkato: usimfuate kila mbuzi, tazama kundi limejazana wapi na limepungua wapi. Mwaka 1984, Erich Runge na Eberhard Gross walishaipanua njia hiyo ifuate kundi linaposhtuliwa na kuanza kukimbia, yaani mwanga unapopiga. Si njia kamilifu. Kuna njia panda ambapo hali mbili za nishati zinagusana na molekuli inaweza kwenda huku au kule, na hapo hesabu rahisi hudanganya na inabidi utumie nzito zaidi. Lakini ni njia, na haihitaji maabara ya mabilioni.

Sasa niwaeleze kwa nini niliichagua.

Nina mdogo wangu wa kiume, yuko darasa la saba. Ana ualbino. Nyumbani kwetu ni Bulapesa, na Isiolo iko karibu juu ya Ikweta, mahali ambapo saa sita mchana kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Ngozi ya wengi wenu mnaosoma hapa ina melanini ya kutosha. Melanini ni fundi wa ajabu: ikimeza miale ya jua, zaidi ya asilimia 99 ya nishati inaigeuza kuwa joto dogo dogo, haraka sana, kabla haijafanya fujo. Mori unatoka kwa njia salama. Ngozi ya mdogo wangu ina kidogo mno cha huyo fundi. Miale ile inafika ndani, inafika kwenye DNA, na DNA ikisisimka nayo ina njia zake. Mara nyingi inatulia salama. Mara chache, herufi mbili zilizo jirani zinagandana zisivyopaswa. Mwili hurekebisha. Lakini ukirudia kosa hilo kila siku kwa miaka ishirini, kuna siku mwili hautarekebisha, na hilo linaitwa saratani ya ngozi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Mmoja wao analala kitanda cha chini, mimi nalala cha juu.

Siku moja shuleni kwao kulikuwa na michezo. Mamangu alimpaka losheni saa kumi na mbili asubuhi, vizuri kabisa, shingo, masikio, nyuma ya magoti. Akampa kofia yenye ukingo mpana. Langoni, mwalimu akamvua kofia: si sare ya shule. Mtoto akajaribu kueleza. Mwalimu akamwambia, "Kwani hujapaka dawa?" Alirudi saa tisa mchana. Masikio yalikuwa yamefura, na shingoni kulikuwa na malengelenge. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda jikoni mahali penye giza, na mamangu akawa anamwekea kitambaa chenye maji baridi, bila kusema neno.

Usiku ule ndio niliisoma lebo ya ile losheni kwa mara ya kwanza. Kiingereza na Kifaransa, herufi ndogo kama chungu. Paka upya kila baada ya saa mbili. Hakuna aliyekuwa ametueleza kwa nini. Sisi tuliichukua losheni kama koti: ukivaa, umevaa.

Losheni si koti. Sehemu ya sababu ni jasho na kujifutafuta, hiyo kila mtu anaweza kukisia. Sehemu nyingine iko kwenye jina moja lililokuwa kwenye lebo ile: avobenzoni. Ni molekuli yenye atomi 45 na elektroni 166, na kazi yake ni kumeza miale ya UVA, hasa karibu na nanomita 357. Katika umbo lake la kazi, atomi moja ya haidrojeni imekaa kati ya oksijeni mbili, kama mtoto aliyeshikwa mikono na wazazi wake wawili. Ikimeza mwanga, kwa kawaida inautoa kama joto na kurudi kazini. Lakini mara nyingine mkono mmoja unaachia. Molekuli inajipinda ikawa umbo lingine, ambalo halimezi tena UVA, na umbo hilo likipata mwanga linaweza kuvunjika vipande. Kila inapotokea hivyo, mlinzi mmoja amelala zamu. Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo maana losheni nyingi huichanganya na molekuli nyingine, kama oktokrilini, ya kumpokea mzigo kabla hajaanguka.

Mwalimu alifikiri losheni ni ukuta. Kumbe ni askari, na askari wanachoka.

Baadaye niliihesabu hiyo avobenzoni mwenyewe, kwenye laptopu ya mitumba, kwa programu isiyolipiwa. Nilikuwa nikiiacha usiku kucha, feni yake ikinguruma kama posho mill, nikiomba stima isipotee. Ikipotea, naanza upya. Asubuhi moja jibu likatoka, rangi ya mwanga ambao molekuli inaumeza, na lilikuwa karibu na ile iliyopimwa maabara. Sikugundua chochote. Wengine walishalihesabu hilo zamani. Lakini enyewe nilikaa pale nikitazama namba kwenye skrini na nikajua, bila kuambiwa na mtu, kwa nini shingo ya mdogo wangu iliungua. Kwa miaka yote nilikuwa nakariri kemia. Asubuhi ile ndiyo niliifahamu.

Mzee wa jopo atasema: mnunulie kofia, kijana, uache mambo ya nanomita.

Ana haki, na sitaki kumkwepa. Kofia kwanza. Kivuli kwanza. Mikono mirefu kwanza. Kofia ya mia tatu inamlinda mdogo wangu kuliko karatasi yoyote nitakayoandika maishani, na kama ningelazimishwa kuchagua kati ya kofia kwa kila mtoto mwenye ualbino katika kaunti hii na masomo yangu, ningechagua kofia na kwenda kuuza mitumba. Lakini hakuna aliyetuwekea uchaguzi huo mezani. Pesa niliyonyimwa haikugeuka kofia. Na kofia ilikuwepo, bana! Ilikuwa kichwani kwake. Ilivuliwa na mtu aliyeamini kwamba dawa ikishapakwa imepakwa. Kilichomchoma mdogo wangu ni kutojua, na kutojua hakununuliwi dukani wala hakutibiwi kwa kofia.

Halafu kuna hoja ya pili, ya wale wenye suti: tuwaachie Wazungu na Wachina nadharia, sisi tutumie matokeo. Tazama, wanasema, tuna jua. Jua ndiyo mafuta yetu. Kila hotuba kuhusu kaskazini siku hizi lazima iwe na jua ndani yake, kama zamani ilivyokuwa lazima iwe na ng'ombe.

Sawa, tulifuate jua. Mwaka 1905, Einstein alieleza jinsi mwanga unavyong'oa elektroni kutoka kwenye metali. Hakuwa akimuuzia mtu taa. Mwaka 1954, maabara ya Bell kule Marekani wakaonyesha seli ya silikoni inayogeuza jua kuwa umeme kwa kiwango cha kutumika. Desemba 2019, Kenya ikafungua mtambo wa sola wa megawati 50 Garissa, ulioundwa na Wachina kwa mkopo wa Wachina. Kati ya 1905 na 2019 kuna miaka 114, na katika safari yote hiyo sehemu yetu ilikuwa moja: kutoa uwanja wenye jua. Kahawa tuliuza mbichi. Chai tuliuza kwa magunia. Sasa tunataka kuuza jua likiwa bichi, halafu tuje tununue kilichotengenezwa nalo, kwa riba.

Anayesema "tutumie matokeo" anasahau kwamba matokeo hujibu swali la aliyeuliza. Namba ile ya SPF kwenye chupa hupatikana ndani ya chumba, chini ya taa maalumu, losheni ikiwa imepakwa miligramu mbili kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, kiasi ambacho watu wengi hawafikishi wakipaka wenyewe. Ni kipimo kizuri, kinafanya chupa zilinganishwe kwa haki. Lakini hakuna taa inayouliza: je, mtoto asiye na melanini, kwenye vumbi la Isiolo, saa sita kwenye uwanja usio na mti, joto limepita nyuzi 30, na chupa imekaa wiki tatu dirishani? Hilo swali ni letu. Tusipoliuliza sisi, hakuna atakayeamka Ulaya asubuhi likimsumbua.

Na wapo waliolianza, si mbali. Moshi, nchini Tanzania, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, kuna kitengo kinachotengeneza losheni ya KiliSun mahususi kwa watu wenye ualbino, kwa ushirikiano na kampuni ya kemikali ya Ujerumani, BASF. Hapo hapo chini ya Kilimanjaro, losheni inachanganywa na watu wanaowajua wanaoipaka. Hiyo ni hatua kubwa na naivulia kofia. Hatua inayofuata ni kuielewa molekuli yenyewe, ili kesho tuamue sisi ni ipi iingie kwenye chupa na kwa nini.

Msiniambie hatuwezi. Mwaka 2012, shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa elektroni, ASESMA, ilifanyika Eldoret, pale Chepkoilel, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Vijana kutoka sehemu mbalimbali za bara walikaa wiki mbili wakihesabu elektroni kule kwenye mahindi, na wala mahindi hayakulalamika. Programu kama Quantum ESPRESSO ni ya bure, unaipakua leo ukiwa na bando. Watafiti wa Kenya wamekuwa wakituma hesabu zao nzito Cape Town, kwenye kompyuta kubwa inayoitwa Lengau, yaani duma kwa Kitswana. Nawashukuru Waafrika Kusini kwa duma wao. Lakini nchi yenye duma halisi Samburu na Mara inaweza kufuga hata paka mmoja wa kukokotoa.

Kuna mtu aliyelijibu jopo langu kabla sijazaliwa. Abdus Salam, Mpakistani, mwanafizikia aliyepata Nobel mwaka 1979, alianzisha kituo cha fizikia ya nadharia Trieste, Italia, mwaka 1964, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Aliona watu werevu wakirudi nyumbani na kukauka peke yao, bila vitabu, bila wenzao, wakiulizwa kila siku watalisha nani. Alikataa kwamba nadharia ni ya matajiri. Mimi nasema kinyume chake kabisa: nadharia ndiyo sayansi ya maskini. Leza inahitaji chumba, baridi, vipuri, na fundi wa kutoka ng'ambo. Mlinganyo unahitaji kichwa, laptopu, na stima isiyopotea. Tukishindwa hata hiyo, basi tusiwasingizie wananchi kwamba wana njaa. Tukubali tu kwamba hatukutaka.

Kwa hiyo nataka nini? Nataka majopo ya basari yaache kumuuliza mtoto wa sayansi atalisha nani, kama yasivyomuuliza mtoto wa sheria. Nataka kofia na mikono mirefu viwe sehemu ya sare kwa kila mwanafunzi mwenye ualbino, bila barua, bila kubembeleza mlinzi langoni. Nataka kila chupa ya losheni inayoingia nchini iwe na maelezo ya Kiswahili, yakiwa na sababu, si amri tu. Nataka chuo kimoja cha umma, kimoja tu, kiwe na kompyuta ya maana ambayo mwanafunzi wa Moyale au Lodwar anaweza kuitumia akiwa kwao. Na kwenu nyinyi wa Nairobi mnaojua kuandika programu kuliko mimi: nusu ya kipaji mnachokitia kwenye app za kubeti kingetosha kwa hili. Najua kodi ya nyumba haingoji. Fikirieni tu.

Jopo linakaa tena mwaka ujao, na nitaomba tena. Nilifikiria kwenda na mdogo wangu, asimame pale mbele, wazione zile alama shingoni. Nilipomwambia alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mimi si mchoro wa ubaoni," akasema.

Nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ile molekuli inayovunjika inaweza kuungwa tena. Nikamwambia sijui, ngoja nihesabu. Akavuta kigoda, akakaa kando ya laptopu, akasema anataka kuona.

Safari hii sitacheka. Nitaingia na kofia ya mtoto, niiweke juu ya ile meza ndefu kati ya chupa za maji, kisha nianze kueleza kutoka hapo.